Mabibo ya Heshima

Mtoto wa dada yangu alitoka Lindi wiki iliyopita akaniletea pakiti ya plastiki iliyofungwa kwa mashine, ina picha ya bibo jekundu na maneno ya Kizungu. Mabibo makavu. Siku hizi yanauzwa hivyo, kwenye maduka yenye viyoyozi, rafu moja na zabibu kavu. Niliichana kwa meno palepale mlangoni, mgeni wa watu hata maji sijampa, na harufu ilipotoka nikajikuta nimekaa kwenye ngazi, pakiti puani, nacheka peke yangu.

“Mama mdogo, kulikoni?”

“Hakuna kitu. Ingia ndani.”

Ningeanzia wapi kumweleza? Alikuwa hajazaliwa.

Wenzangu mliokulia upande wetu, mkala mabibo mpaka ulimi ukawa mgumu kama gunia, hamhitaji maelezo. Kwa wengine niseme tu kwamba bibo ni tunda la mkorosho, jekundu au la njano, na korosho yenyewe imening'inia nje, chini kabisa, kama kitu kilichosahauliwa kuwekwa ndani. Dunia nzima inaijua korosho na hakuna anayeuliza habari za bibo. Kwetu mambo yalikuwa kinyume. Korosho ilikuwa ya wanunuzi, bibo lilikuwa letu.

Baba alikuwa mwalimu mjini Lindi, na mji ule kwangu ulikuwa mahali pa kusubiria mabibo. Ile miezi ya joto kabla mvua hazijaanza, shule zikifungwa tu, Mama anatoa sandukuni nguo za mabibo. Zilikuwa nguo maalumu kwa maana kwamba hazikuwa na hadhi tena. Maji ya bibo yakigusa kitambaa huacha doa la rangi ya kutu, na sabuni ya kulitoa doa hilo haijatengenezwa mpaka leo. Kila mmoja wetu alikuwa na gauni au shati lake lenye ramani za misimu iliyopita. Tunapanda lori la asubuhi, tunashuka njia panda ya Kilangala, na kuanzia hapo ni miguu mpaka kwa Bibi, mama yake Baba.

Harufu ilitutangulia. Ilikuwa tamu, nzito, na ndani yake kulikuwa na ukali kidogo wa vitu vilivyoanza kuchachuka, maana chini ya kila mkorosho kulikuwa na yaliyoanguka jana na juzi. Njia ya kwenda kwa Bibi ilikatiza mashamba ya watu, na tukiona kiu tulikula mabibo ya watu. Hilo halikuwa wizi. Mpita njia ana haki ya bibo, popote pale, bila kubisha hodi. Ila korosho si yake. Anainyofoa, anaiacha chini ya mti, mwenye shamba atakuja kuiokota. Bibi alikuwa na namna yake ya kuiacha. Alitafuta jani kavu, akaliweka karibu na shina, akaipanga korosho juu yake, utadhani anamwandalia mtu chakula.

“Kwa nini usiitupe tu, Bibi? Si ataiona?”

“Ataiona. Lakini nataka ajue kapita mtu mwenye adabu.”

Basi nikaipenda kazi ile kupita kiasi. Kila asubuhi nilikimbia kwenye mikorosho yetu iliyokuwa kando ya njia kutazama wapita njia wametuachia nini. Nikizikuta korosho zimepangwa, narudi mbio.

“Bibi, watu wamepita!”

“Wamekula?”

“Wamekula, wameacha.”

“Alhamdulillahi.”

Na kwa akili yangu ya darasa la pili nikahitimisha kwamba hiyo ndiyo sheria ya matunda yote duniani. Kila tunda lina kitu cha mwenyewe, na asiyekirudisha hana adabu. Niliwahi kumrudishia jirani yetu mjini kokwa la embe alilotupa, nimelikosha vizuri na kuliweka juu ya jani. Alinitazama, akalitazama kokwa, akasema ahsante. Nikaondoka nimejaa fahari.

Bibi alikuwa mdogo wa mwili, mwepesi, na mdomo wake haukuwa na breki. Aliniita mke mwenzangu. Babu alikwisha fariki zamani, lakini Bibi alidai mume ni yuleyule, ila mimi ndiye mke mdogo niliyeletwa kumpunguzia kazi, na kazi yenyewe mbona haipungui? Alfajiri, akishasali, alipita kwenye mikeka tuliyolala akitufinya vidole vya miguu. “Amkeni, yameanguka.” Tulitoka na vikapu, Mama, dada yangu, mimi na Shangazi Zuhura, kitinda mimba wa Bibi, aliyekuwa msichana mkubwa tayari lakini akiokota mabibo anashindana nasi kama mtoto. Mikorosho ya Bibi ilikuwa imeinamisha matawi mpaka chini. Ukiingia ndani yake ni chumba, kuna baridi na giza la kijani, na mabibo yamelala juu ya majani yakitoa mwanga wao mwenyewe. Tuliokota yaliyoanguka usiku ule tu. Bibi alijua kwa kugusa. Bibo la usiku ule limekaza, linang'aa, ukilibonyeza linakusukuma. La jana linakubali tu.

Bibi alikuwa na adui mmoja, naye aliitwa kuchachuka. Bibo likilala, maji yake yanaanza safari ya kuwa uraka, ile pombe ya msimu, na kijijini walikuwepo waliolisubiri hilo kwa hamu kuliko sisi tulivyosubiri likizo. Bibi hakumsema mtu. Ila nyumbani kwake bibo halikulala. Kabla jua halijawa kali korosho zilikuwa zimeshanyofolewa na kuanikwa, na mabibo yamo ndani ya maji ya chumvi yakitoa ukakasi. Baadaye yanachemshwa kidogo, yanatobolewatobolewa kwa sindano, yanakamuliwa kwa viganja mpaka yanakuwa bapa. Maji yake tunakunywa hapo hapo, ya moto, na ndimu. Mabibo yenyewe yanarudi jikoni kwenye sufuria ya sukari, iliki, tangawizi na karafuu moja tu, maana Bibi alisema karafuu ikizidi inajifanya mwenye nyumba. Yanapikwa kwa moto mdogo mpaka yanameremeta, kisha yanatandazwa juani kwenye nyungo, yamefunikwa chandarua kikuukuu, nasi tunawekwa zamu ya kufukuza kuku. Yakikauka yanakuwa madogo, laini, ya rangi ya asali iliyokolea. Ukitia mdomoni unatafuna taratibu na huongei na mtu.

Hayo ndiyo Bibi aliyaita mabibo ya heshima. Hayakuliwa ovyo. Yalikaa kwenye sinia la shaba chini ya kawa la ukindu, yakimngoja mgeni. Binti zake wakubwa walipoposwa, siku ya wageni kuja kupokea jibu, sinia lile ndilo lililotandikwa mbele yao, na Bibi alipenda kusema kwamba wakwe zake wote walikubali kwa mdomo uliojaa.

Sasa ilikuwa zamu ya Shangazi Zuhura.

Na ilikuwa ile miaka biashara ilipofunguliwa, kila kitu ruksa. Maduka yaliyozoea kuuza chumvi na viberiti yakajaa sabuni za kunukia, biskuti za maboksi, soda za rangi zote. Baba Mkubwa, kaka yake Baba, aliipokea miaka ile kwa mikono miwili. Alianza na marobota ya mitumba, akaishia kwenda Dar na kurudi kama mtu aendaye kisimani. Alikuja na redio kaseti, na miwani ya jua, na kila sentensi yake ilianza na “Dar kule.” Alimwezekea Bibi nyumba kwa bati. Nilimpenda sana, maana alinukia vizuri na alinibeba mabegani. Na kwa kuwa Babu hakuwepo, yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wa familia. Akisema neno limesemwa.

Posa ya Shangazi ilitoka Kilwa Kivinje, kwa watu wa biashara, wa mjini tangu enzi na enzi. Kijana mwenyewe alikuwa mpole na Shangazi alimpenda, hilo lilijulikana hata kwa sisi watoto tusiotakiwa kujua. Aliyeogopwa ni shangazi wa kijana huyo, Bi Rukia. Ilisemekana alishawahi kuvunja posa kwa sababu ya chai iliyokosa tangawizi.

Baba Mkubwa alikuja kutoka Dar kabla ya siku yenyewe, akamkuta Bibi jikoni na sufuria yake. Mimi nilikuwa nachochea kuni.

“Shikamoo, Mama.”

“Marahaba, mwanangu. Onja hapa.”

Hakuonja. “Mama, siku hiyo mabibo yasionekane.”

“Yasionekane na nani?”

“Na wageni. Wale watu wa Kivinje, Mama, na wanakuja na shehe. Tukiwatandikia mabibo watasema tumewakaribisha kilabuni.”

“Haya hayajalala.”

“Nani atajua kama yamelala au hayakulala? Bibo ni bibo. Nimeleta vitu kutoka Dar. Huyu ndiye mdogo wangu wa mwisho, nataka aondoke kwa heshima.”

Bibi aliacha kukoroga. Sikumbuki kama nilishawahi kumwona ameacha kukoroga sukari ikiwa jikoni.

“Na dada zako waliondoka kwa aibu?”

Baba Mkubwa akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. “Mama, nakuomba,” akasema kwa upole, na upole ule ndio uliofunga mjadala. Angefoka, Bibi angemjibu. Kwa kuombwa na mkubwa wa nyumba alirudi tu kukoroga.

Jioni ile Shangazi Zuhura alikaa karibu na mama yake, machozi yamemlenga. “Mama, mimi nalitaka sinia langu.”

“Mwambie kaka yako.”

“Siwezi.”

“Basi na mimi siwezi.”

Lakini aliendelea kupika. Akatandaza, akaanika, akageuza moja moja kama kawaida. Nikamuuliza tunampikia nani. Akasema tunapika tu. Sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine, haina utani, na mimi niliumia mpaka nikamchukia Baba Mkubwa kwa muda, manukato yake na yote.

Vitu vya Dar vilikuwa ndani ya boksi moja alilolipakata njia nzima, barabara ile tunayoijua sote, lori likizama mchangani wenzake wanashuka kusukuma yeye kalikumbatia boksi lake. Asubuhi ya wageni alilifungua mbele yetu. Kulikuwa na vitu vya duara, kila kimoja kimevikwa karatasi laini ya zambarau. Akavua karatasi moja. Tukashusha pumzi.

“Epo,” alisema Baba Mkubwa. “Matufaha. Yametoka ng'ambo kwa meli. Dar kule ndiyo wanayokula wakubwa.”

Lilikuwa jekundu pyu, linang'aa kama limepakwa mafuta. Mimi nilitambua mara moja ni kitu gani. Lilikuwa bibo la Ulaya. Lilikuwa limenenepa zaidi, ndiyo, lakini jamaa walikuwa wale wale. Nikanyoosha mkono kuligeuza nione korosho yake, Baba Mkubwa akanipiga kikofi cha mkono, taratibu. “Ni ya wageni haya. Na msiyakate, yakikatwa yanabadilika rangi. Yapangwe mazima.” Akayapanga mwenyewe juu ya sinia jipya la maua, mlima mzuri, kilele chake tufaha moja peke yake. Sinia la shaba lilibaki stoo, na kawa lake juu.

Wageni walifika mchana. Wanaume wakakaa barazani na shehe na Baba na Baba Mkubwa, wanawake wakaingizwa ndani, kwenye mikeka mipya. Shangazi Zuhura alikuwa nyuma ya pazia la chumba, ametiwa udi, haruhusiwi kuonekana wala kusikika. Bi Rukia aliingia wa mwisho. Mwanamke mpana, buibui jeusi, macho yanayokagua mkeka kabla ya kuukalia. Mama alimpokea kwa maneno yote mazuri aliyokuwa nayo. Bibi alikaa pembeni katika khanga mpya, mikono mapajani. Alijibu salamu, akanyamaza. Mtu asiyemjua angedhani ndivyo alivyo.

Chai ililetwa, ina tangawizi ya kutosha, Mama alihakikisha. Kisha likaja sinia la matufaha, likawekwa katikati.

“Karibuni,” Mama alisema.

“Ahsanteni, tumekaribia,” wakajibu. Na hapo mambo yakasimama.

Hebu fikiria mwenyewe. Tunda gumu, zima, kubwa kuliko ngumi ya mtu. Ukweni. Siku ya posa. Mwanamke mwenye heshima zake atapanua mdomo kiasi gani mbele ya wakwe watarajiwa? Atalishikaje? Na kile kishindo cha kung'ata, nyumba nzima isikie? Baba Mkubwa alikuwa amewaza kila kitu isipokuwa mdomo wa mgeni. Wanawake wa Kivinje walilisifu lile tunda. Wakasema mashallah, rangi hiyo! Wakaliangalia. Mmoja akaligusa kwa ncha ya kidole kama anayepima joto la mtoto, akaurudisha mkono wake. Kimya kikaingia, na kimya cha ukweni ni kibaya, kila mtu anaanza kusikia kuku wa nje. Niliona jasho kwenye mdomo wa juu wa Mama.

Bi Rukia ndiye aliyetafuta njia. Aliniona nimesimama mlangoni.

“Njoo, mjukuu wangu. Kula wewe tukuone.”

Akanipa lile la kileleni. Nikapiga goti, nikalipokea kwa mikono miwili, zito na baridi. Kisha nikaligeuza juu chini, kama nilivyotaka kufanya tangu asubuhi. Korosho haikuwepo. Palikuwa na kishimo, na ndani ya kishimo kovu kavu, jeusijeusi, pale pale inapotakiwa kuwa korosho. Mtu alikuwa ameshainyofoa. Mimi nilijua anayenyofoa anatakiwa afanye nini, na tunda hili lilikuwa limetoka mbali mno.

“Mbona huli, mjukuu?”

“Korosho yake mmemwachia mwenyewe?”

“Nini?”

“Korosho yake.” Nikamwonyesha kovu. “Ilikuwa hapa, imenyofolewa. Kama Baba Mkubwa hakuiacha chini ya mti, mimi siwezi kula. Ni ya watu.”

Mama alifumba macho. Nyuma ya pazia kitu kilipasuka, na hicho kitu kilikuwa kicheko cha Shangazi Zuhura, mwari wa watu asiyetakiwa kusikika. Alijaribu kukizima akakifanya kibaya zaidi. Mgeni mmoja akaanza kutikisika mabega. Kisha Bi Rukia mwenyewe, yule wa chai bila tangawizi, akaegemea ukuta akacheka mpaka akavuta ncha ya buibui kufuta machozi. Mimi sikuona cha kuchekesha. Nilibaki nimepiga goti na tufaha langu nikingoja jibu.

“Watu wa Kilangala mna mambo,” alisema pumzi zilipomrudia. “Mtoto kapewa kitu kizuri namna hii, badala ya kukiparamia anauliza mwenye mali. Nani kamfundisha huyu?”

Wote walimtazama Bibi.

Bi Rukia naye akamgeukia, na nadhani ndiyo mara ya kwanza alimwona. “Ni wewe, dada?”

“Anafuatana nami shambani,” Bibi alisema. “Ni mke mwenzangu.”

“Basi nionyeshe na mimi hilo lenye korosho. Kivinje tunaletewa korosho kwenye magunia, mabibo kwetu huwa yanafika yameshaharibika. Nimekuwa mtu mzima sijui ladha yake.”

Kulikuwa na dirisha kati ya chumba na baraza, na nina hakika Baba Mkubwa alisikia, maana sauti yake iliyokuwa ikieleza mambo ya Dar ilikatika. Mama alimtazama Bibi. Bibi alilitazama dirisha. Mkubwa wa nyumba alikuwa amesema neno lake, na sasa mgeni wa posa alikuwa amesema lake, na mgeni akiomba hanyimwi. Bibi akanyanyuka. Hakumtuma mtu. Alikwenda stoo mwenyewe, akarudi na sinia la shaba mikononi, akaliweka mbele ya Bi Rukia, akasogeza mlima wa matufaha kando kwa goti. Halafu akalifunua kawa.

Iliki na tangawizi zikajaa chumbani. Mabibo yalikuwa yamepangwa kwa duara, madogo, yanapitisha mwanga, na kila moja lingeingia mdomoni bila mtu kupanua kitu. Bi Rukia akachukua moja kwa vidole viwili, akaliweka ulimini, akafumba mdomo. Alitafuna. Akachukua jingine.

“Hili ndilo bibo?”

“Ndilo.”

“Hili hili la uraka?”

“La uraka limelala,” Bibi alisema, na ule utani wake nikauona unarudi usoni, kwanza kwenye jicho. “Hili halikulala. Nimekesha nalo.”

Wale wengine hawakungoja kukaribishwa. Mikono ilienda na kurudi. Maneno yakafunguka, mara wanaulizana sukari inawekwa lini, chumvi ya nini, mara mmoja anakumbuka alivyoozwa yeye, kicheko, chai ikaongezwa. Nilimwona Bi Rukia akidondosha mabibo kadhaa kwenye pindo la khanga yake na kulifunga fundo, kwa utulivu wa mtu aliyezoea. Kisha akageukia dirisha akapaza sauti.

“Nyie huko barazani! Jibu mmeshatoa?”

Shehe akakohoa. “Bado tunazungumza, Bi Rukia.”

“Mnazungumza nini? Sisi huku tumeshaoana. Tena siku ya harusi msituhangaishe na hii mipira, tusije tukavunjika meno. Nataka haya. Na si sinia moja.”

Vigelegele vya kwanza vilitoka nyuma ya pazia, na vilikuwa vya bibi harusi mwenyewe. Aibu tupu, na hakuna aliyejali. Mama akaitikia, wageni wakaitikia, dada yangu na mimi tukaitikia bila kujua kupiga vizuri. Baba Mkubwa akatokea mlangoni na miwani yake mkononi. Alilitazama sinia la shaba, akautazama mlima wake ambao haukupungua. Nilimhurumia ghafla. Nilikumbuka boksi lile na jinsi lilivyopakatwa safari nzima.

“Karibu, mwanangu,” Bibi alisema, na kumsogezea sinia. “Ni mabibo tu.”

Baba Mkubwa akachutama, mtu mzima mbele ya wanawake wa watu, akachukua moja, akala. Akala jingine. Alipoinua uso alikuwa anacheka. Alikuwa na njaa ya siku nyingi ya kitu kile, mtu mwenye macho aliweza kuiona.

Jioni, wageni wakiwa wameondoka na jibu lao na vifurushi vyao, Bibi alikaa barazani akachukua tufaha. Akalifuta kwa khanga, akaling'ata kwa meno ya pembeni.

“Linalia kama muhogo mbichi,” alisema. Aliendelea kula, taratibu, kwa haki. “Si baya. Mwambieni aliyelileta si baya.” Aliyelileta alikuwa amekaa pale pale, akajifanya hakusikia. Bibi alipofika katikati akaacha kutafuna. Akatoa kitu kwa ukucha, akakiweka kiganjani. Mbegu ndogo, za kahawia, zimechongoka.

“Mke mwenzangu, njoo uone. Kumbe haikunyofolewa. Huyu kazificha ndani.”

Nikaziangalia kwa mshangao mkubwa. Bibi akanyanyuka, akaenda mpaka mkorosho wa uani, akatafuta jani kavu, akalilaza karibu na shina, akazipanga zile mbegu juu yake moja moja.

“Mwenyewe akipita,” alisema, “asije akatuona hatuna adabu.”

Alfajiri niliamka kabla sijafinywa kidole. Nikatoka mbio. Jani lilikuwepo, mbegu hazikuwepo. Na ndani, chini ya matawi, kulikuwa na mtu ameinama. Kisha mtu yule akainuka, akawa Baba Mkubwa, suruali yake ya Dar ameikunja mpaka magotini, shati jeupe la jana bado liko mwilini, kikapu mkononi kimejaa nusu. Harusi ilihitaji masinia. Kifuani pake doa lilikuwa limeshaingia, pana, bichi bado, ila sote wawili tulijua litakuwa na rangi gani likikauka.

“Shikamoo, Baba Mkubwa.”

“Marahaba. Mbona mapema?”

“Baba Mkubwa, mwenyewe kapita?”

Alilitazama lile jani. Kuku wa Bibi walikuwa hapo hapo, mmoja bado anasafisha mdomo wake ardhini, na Baba Mkubwa angeweza tu kuninyooshea kidole kuku huyo.

“Kapita,” alisema. “Sasa hivi. Kachukua zake, kashukuru sana, kaondoka.”

“Umempa mabibo yetu?”

“Nimempa. Kala.”

“Kasemaje?”

Baba Mkubwa akainama akaokota jingine, akalibonyeza kwa kidole gumba kuona kama lilianguka usiku ule. Lilikuwa zuri. Akaliweka kikapuni.

“Kasema kwao hawana kitu kama hiki,” alisema, nami nikakimbia ndani kumpelekea Bibi salamu zake.